Nimewaahidi madalali asilimia kumi, mbona kazi haziji?

*“Habari za kazi. Nina miaka miwili napanga na kupamba nyumba hapa Dar es Salaam. Kazi zangu ni za aina mbili: naandaa apatimenti au nyumba iliyo tupu ili ipate mpangaji au mnunuzi haraka, na naingia kwenye nyumba za watu wanaoishi humo nawapangia upya sebule na vyumba kwa vitu vyao wenyewe, nikiongeza vichache. Wateja wangu wa mwanzo walikuwa ndugu na marafiki, sasa wameisha. Nilisoma kwamba Marekani kazi hii inaletwa na madalali, basi nikazunguka Sinza, Mikocheni hadi Mbezi Beach, nikagawa kadi kwa madalali kama thelathini na kumwahidi kila mmoja asilimia kumi. Miezi mitano, kazi mbili. Ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili dalali aliweka cha juu bila mimi kujua, mwenye nyumba akanijia juu kwamba nimemchaji laki tisa wakati bei yangu ilikuwa laki sita na nusu. Rafiki yangu ananishauri nipandishe iwe asilimia ishirini. Kuna na fundi wa makochi wa Keko anataka tushirikiane, sijui tuanzie wapi. Nifanye nini ili wateja wawe wanaletwa na watu wengine?”*

Dada yangu, ukiisoma barua yako haraka unaweza kudhani tatizo ni bei ya kamisheni. Naona kinachokusumbua hasa ni hofu kwamba labda hapa kwetu kazi yenyewe haina soko. Soko lipo. Ila umebisha hodi kwenye milango ambayo wenyeji wake hawana sababu ya kukufungulia, na kuongeza hela hakutawapa sababu hiyo. Kwa hiyo asilimia ishirini usiifikirie kwanza.

Ulichosoma kuhusu Marekani si uongo. Kuandaa nyumba ili iuzike kulianzia huko mwanzoni mwa miaka ya 1970, na anayetajwa kuwa mwanzilishi, Barb Schwarz wa jimbo la Washington, alikuwa mwenyewe muuzaji wa nyumba. Angalia hapo: aliyebuni kazi hii alikuwa anaishi kwa kuuza nyumba. Kwa nini muuzaji ahangaike na makochi na mapazia? Kwa sababu kule mwenye nyumba kwa kawaida husaini mkataba na wakala mmoja kwa kipindi fulani. Ndani ya kipindi hicho, mnunuzi atoke upande wowote, wakala huyo ana fungu lake. Akitumia muda au hela kuipendezesha nyumba, analinda chake.

Sasa rudi Sinza. Nyumba moja ya kupangisha iko kwa madalali kumi kwa wakati mmoja. Picha zile zile zinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, kila mmoja kaweka namba yake. Anayekula ni aliyemfikisha mteja kwanza, na mara nyingi hela ya udalali, kodi ya mwezi mmoja, inatoka mfukoni mwa mpangaji. Dalali akimshawishi mwenye nyumba atoe laki sita na nusu nyumba iandaliwe, ni kama amepalilia shamba ambalo jirani atavuna. Tena ana hofu nyingine: kumwambia baba mwenye nyumba kwamba sebule yake inatisha ni kujitafutia kunyimwa funguo. Bora anyamaze, amtafute mteja asiyechagua sana.

Piga na hesabu. Tuseme nyumba inapangishwa kwa 1,200,000 kwa mwezi. Dalali akiipangisha anapata 1,200,000. Asilimia kumi yako kwenye kazi ya 650,000 ni 65,000. Ukipandisha hadi ishirini ni 130,000. Kwake hizo ni hela za vocha na mafuta, haziwezi kumfanya aache kumkimbiza mpangaji aje akuuzie wewe. Na ndiyo maana yule wa pili aliweka cha juu: kwenye laki tisa alijichukulia 250,000 bila hata kukusubiri umpe zake. Sisemi alifanya sawa. Nasema alikuwa anakuonyesha bei ambayo kwake ndiyo ingemlipa.

Halafu jiulize nani anaumia nyumba ikikaa tupu. Nyumba hiyo hiyo ikikosa mpangaji miezi mitatu, 3,600,000 imepotea, na imepotea kwa mwenye nyumba peke yake. Kazi yako ya 650,000 ni sawa na kodi ya siku kumi na sita hivi. Ukimfupishia kusubiri kwa wiki tatu, ameshafaidika. Hesabu hii mwandikie mwenye nyumba kwa tarakimu zake mwenyewe. Inatosha. Usimpelekee takwimu za nje ukadhani zitamshawishi. Ipo ile ya chama cha mawakala wa nyumba cha Marekani, NAR, ya mwaka 2023, kwamba asilimia 81 ya mawakala wa wanunuzi walisema nyumba iliyoandaliwa humrahisishia mnunuzi kujiona akiishi humo. Ni maoni ya mawakala. Haisemi nyumba yako ya Mbezi Beach itapanda kodi, na ukiitumia hivyo mteja mjanja atakubana.

Kwa hiyo kwenye kazi ya nyumba tupu, tafuta watu walioishika nyumba peke yao. Msimamizi wa jengo la apatimenti anayekusanya kodi na kupokea malalamiko ya maji. Mzee mwenye vyumba au apatimenti sita kwenye kiwanja kimoja. Kampuni ya udalali inayopewa nyumba kwa barua, si kwa mdomo. Anayeendesha apatimenti za wageni wa siku chache, maana yeye kila picha mbovu inamnyima usiku wa kulaza mgeni. Halafu kuna kundi ambalo wapambaji wengi hawalioni: Mtanzania aliyeko Muscat, London au Toronto mwenye nyumba Kigamboni au Goba. Hawezi kuja kuangalia, amechoka kusikia “mteja anakuja kesho”, na ndugu aliyemwachia funguo ana shughuli zake. Huyo anahitaji mtu wa kumtumia video ya hali ilivyo leo, bei kwa maandishi, na video nyingine kazi ikiisha. Ukimfanyia vizuri mmoja, wenzake kwenye jumuiya yao watasikia, kwa sababu wote wana kilio kimoja.

Nyumba za mirathi nazo ni kazi nzuri, lakini hapo usiingie kabla hujaona barua ya mahakama inayomtaja msimamizi wa mirathi. Yeye ndiye wa kukubaliana naye bei. Ukipewa kazi na kaka mtu, dada mtu akatokea siku ya pili anauliza nani kahamisha kabati la marehemu mama, hutalipwa na utakuwa umeingia kwenye ugomvi usiokuhusu.

Ukishamjua wa kumwendea, usianze kwa kumuuzia kazi nzima. Mtu anayekupeleka kwa bosi wake au mteja wake anakopesha jina lake. Ukiharibu, anayelaumiwa ni yeye. Kwa hiyo mpe kitu kidogo cha kukujaribia, chenye bei moja, kinachoisha ndani ya siku moja. Nitakupa mfano. Apatimenti ikishakaa wiki kadhaa imefungwa kwa joto na unyevu wa Dar, unaijua harufu yake: ukungu kwenye kabati la nguo, mtaro wa bafuni uliokauka unaorudisha hewa ya shimo, vumbi la feni. Mteja anafika saa kumi na mbili na nusu jioni akitoka kazini, dalali anabonyeza swichi, kimya. LUKU imeisha. Wanamulika kwa tochi za simu. Nyumba hiyo inakataliwa kabla mtu hajafika jikoni, na hakuna mto wa kochi ambao ungeiokoa.

Basi tengeneza huduma ya “nyumba iko tayari kuonyeshwa”: kufungua madirisha na kufuta ukungu, kumwaga maji kwenye mitaro, kununua uniti chache za LUKU, kubadilisha taa zilizoungua na kuhakikisha za sebuleni zina rangi moja, kufua au kuondoa pazia zilizofifia, kisha kupiga picha mchana pazia zikiwa wazi. Bila fanicha. Msimamizi wa majengo anaweza kuidhinisha hiyo bila kuitisha kikao. Ujumbe wake wa WhatsApp uwe mfupi:

“Shikamoo mzee. Mimi kazi yangu ni kuandaa nyumba za kuonyeshwa wateja, nafanya Mikocheni na Mbezi. Apatimenti yako ya ghorofa ya pili nimeona picha zake mtandaoni, zimepigwa usiku na sebule inaonekana ndogo kuliko ilivyo. Naweza kuiandaa kwa siku moja kwa shilingi kadhaa, LUKU na picha mpya zikiwemo. Nikimaliza unaziona kwanza ndipo unanilipa nusu iliyobaki. Ukiniruhusu nipite kuiangalia, kuangalia ni bure.”

Hapo weka bei halisi. Neno “maelewano” linawafukuza wasimamizi, kwa sababu hawawezi kulipeleka kwa mwenye mali.

Kazi yako ya pili, ya kupangia watu nyumba wanazoishi, ina waletaji tofauti kabisa, na hapa ndipo nadhani umekosea kuzichanganya kwenye kadi moja. Anayehama au anayebadilisha sebule hamwiti dalali. Anamwita fundi rangi, anakwenda Kariakoo kuulizia vitambaa vya pazia, anakodi kirikuu cha kuhamisha vitu. Watu hawa wanasikia shida ya mteja wakati ndiyo kwanza inasemwa: “Fundi, hii rangi nimeipenda, lakini vitu vyangu sasa havikai.” Sentensi hiyo ikisemwa, fundi akikukumbuka, umepata kazi. Asipokukumbuka, imepita, na mteja ataridhika na mpangilio wa kawaida tunaoujua sote: makochi yamebandikwa kuta zote nne, meza ya kioo katikati, mtu wa kochi hili anapaza sauti ili asikiwe na wa lile.

Kwa nini fundi asikukumbuke? Mara nyingi anakuogopa. Anaogopa utamwambia mteja kwamba rangi imepakwa vibaya. Anaogopa utaleta fundi wako. Mwenye duka la pazia anaogopa utamwonyesha mteja wapi mita inauzwa kwa bei ya chini. Hofu hizo hazitoki kwa kadi, zinatoka kwa matendo. Anza wewe kuwapelekea kazi. Ukiwa kwa mteja anayehitaji rangi, mpe namba ya fundi huyo, mteja na fundi wapatane wenyewe na walipane wenyewe, hela isipite kwako. Ukiona kasoro kwenye kazi yake, mpigie yeye kwanza kabla ya kumwambia mteja, arudi arekebishe. Ukifanya hivyo mara mbili tatu utashangaa jinsi simu inavyoanza kuita. Huhitaji mafundi thelathini. Watano wanaofanya kazi kwenye mitaa ile ile unayofanyia wewe wanatosha, na daftari la kuandika nani kaleta nani, lini, na imeishaje.

Turudi kwenye hela, maana najua utauliza. Kulipa anayekuletea mteja si dhambi, ila asilimia siipendi. Asilimia inamfundisha aliyekuleta kutamani bei iwe kubwa, na wewe unataka atamani kazi ziwe nyingi. Weka kiasi kimoja kisichobadilika, kijulikane kwa wote, kilipwe mteja akishamaliza kulipa, na mteja ajue kwamba upo utaratibu huo. Bei yako iende kwa mwenye nyumba moja kwa moja, kwa maandishi, yenye jina lako, namba ya simu na tarehe. Kama ingekuwa hivyo kwenye kazi ile ya pili, cha juu kisingepata pa kukaa. Na yule mwenye nyumba, mpigie. Mtumie ile bei uliyomtajia dalali na mwonyeshe ulichopokea. Usimtukane dalali, tarakimu zitasema. Wenye nyumba wanajuana, na jina lako kwake halijafa.

Kuna mahali pa kusimama kabisa. Msimamizi wa majengo aliyeajiriwa na kampuni, ofisa mikopo wa benki, mtumishi wa ofisi yoyote: ukimpa hela kimyakimya ili akupe kazi za mwajiri wake, hiyo si kamisheni tena. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inawagusa na watu wa sekta binafsi, mtoaji kwa mpokeaji. Kama kampuni yenyewe ina utaratibu wa ushirikiano, uandikwe na malipo yaende kwa kampuni. Kwa mtu kama huyo, cha kumpa ni kazi inayompunguzia simu za malalamiko. Hiyo anaruhusiwa kuipokea.

Sasa fundi wa Keko. Mimi ningekubali, kwa tahadhari. Kinachoua mitaji ya wapambaji ni kununua makochi, meza na mazulia ya kuweka kwa muda kwenye nyumba tupu, halafu kuyalipia stoo yakisubiri kazi. Fundi ana tatizo kinyume chake: seti imekamilika, imekaa kibandani inakula vumbi la randa, wapita njia wanauliza bei na kuondoka. Seti hiyo ikikaa wiki tatu kwenye apatimenti nzuri, kila anayekuja kuona nyumba anaiona kochi ikiwa mahali pake, na picha zake zinakuwa safi. Mara nyingine anayechukua nyumba anataka na makochi.

Lakini kabla kirikuu hakijapakia, andikeni karatasi. Nani analipa usafiri wa kwenda na wa kurudi? Mtoto wa mteja akimwaga juisi kwenye kitambaa cheupe, gharama ni ya nani? Fundi akipata mnunuzi kesho yake, anaruhusiwa kuja kuichukua seti na kuacha sebule tupu, au anasubiri hadi tarehe mliyokubaliana? Hili la mwisho ndilo linalovunja urafiki, maana fundi mwenye hela mezani hasubiri. Mpe tarehe ya mwisho iliyo karibu, siku kumi na nne kwa kuanzia, na umpe haki ya kuleta seti nyingine inayofanana. Mkiuza, bei ni yake, wewe una kiasi chako mlichopatana. Jaribuni kwa seti moja, nyumba moja. Usimwahidi kwamba makochi yote utachukua kwake tu. Ipo siku utahitaji kochi dogo la chumba kimoja na yeye anatengeneza makubwa ya watu saba.

Wateja wako wa zamani umesema wameisha. Sidhani. Wao wenyewe wamemaliza kazi, majirani zao hawajamaliza. Tatizo ni namna tunavyoomba. “Ukimpata mtu niunganishe” ni ombi ambalo mtu analikubali na kulisahau kabla hajafunga geti. Uliza kitu chenye sura: “Mama, kwenye jengo lenu kuna nyumba imekaa tupu?” au “Nani kwenye grupu la wakazi amehamia mwezi huu?” Uliza mara mbili: siku anapokupigia kukusifu, na siku mpangaji wake anapoingia. Siku ya kukabidhi kazi usiombe kitu, siku hiyo anawaza hela iliyotoka.

Picha za kabla na baada ya kazi ndizo zitakazokutangaza, basi zipige kwa nidhamu: kona ile ile, urefu ule ule wa kifua, saa ile ile. Picha ya kabla ikiwa ya giza na ya baada ikiwa ya jua, msimamizi mwenye macho atajua umemuuzia jua. Na omba ruhusa ya maandishi, hata ya ujumbe wa simu, kabla ya kuiweka sebule ya mtu hadharani. Picha za familia ukutani, vyeti, namba ya gari uani, vyote viondoke. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, mteja atakayeona chumba chake kwenye simu ya jirani hatakuletea mtu.

Nikuonye jambo moja: ukipata msimamizi mmoja anayekupa kazi mfululizo utajisahau. Siku akihamishwa, kazi zako zimehama naye. Ukiona zaidi ya nusu ya mapato ya miezi mitatu yametoka kwa mtu mmoja, wiki hiyo toka ukatafute mwingine, hata kama una kazi nyingi.

Yapo mambo ambayo mimi kwa barua siwezi kukumalizia. Kama jina la biashara hujalisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na huna TIN ya biashara, anza hapo, kwa sababu kampuni za usimamizi wa majengo zitakuomba risiti kabla ya kukulipa. Suala la kodi ya kamisheni unazotoa na unazopokea, kaa na mhasibu ukiwa na daftari lako mkononi, au nenda ofisi ya TRA ya eneo lako uulize. Ukitaka kujitangaza kama mbunifu wa ndani, pita kwanza AQRB, Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, uwaulize mipaka ya jina hilo. Mkifikia kugawana faida na fundi wa Keko badala ya kulipana kwa kazi, tafuteni wakili, kila mmoja asome mkataba akiwa ametulia. Na ukiingia nyumba ukakuta ufa unaopita kwenye boriti, au mteja anataka ukuta wa jiko ubomolewe ili sebule ifunguke, usiguse. Mwambie aite mhandisi, wewe urudi akishamaliza.